Jumamosi: turudie kipimo cha joto

Habari za jioni wanakikundi, na shikamooni wakubwa.

Jumamosi saa 4 asubuhi tunarudia lile zoezi la misumari, palepale mtaa wa Soweto: tunachemsha misumari, tunaitumbukiza kwenye maji baridi, kisha tunakokotoa joto mahususi la chuma, yaani jouli zinazohitajika kupandisha gramu moja kwa nyuzi moja. Nimepitia madaftari yenu. Karibu wote mmeandika misumari ilitoka kwenye maji ya nyuzi 100. Nani aliangalia kipimajoto? Hapa Moshi tuko juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi. Mia ni ya Tanga, kule usawa wa bahari!

Tazameni: gramu 100 za misumari, maji baridi gramu 100, yakapanda kutoka nyuzi 22 hadi 29. Maji yamepokea 100 × 4.18 × 7, yaani jouli 2,926. Chuma kimeshuka kutoka 97 hadi 29, yaani nyuzi 68, basi ni jouli 0.43 kwa gramu kwa kila nyuzi. Mkiweka 100 badala ya 97 mnapata 0.41. Kitabuni ni 0.45, kilichopungua kilipotelea hewani, hasa yule aliyetembea na msumari kwenye koleo huku anapiga stori. (Anajijua.)

Safari hii kila mtu aje na vikombe viwili vya karatasi, kimoja kiingie ndani ya kingine, na kifuniko. Gesi ninayo. Kung'uteni maji ya moto kwenye misumari kabla ya kuitumbukiza.