Mkate wa Bibi

Busia, Jumapili jioni

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka upande wetu wa mpaka. Hatujambo, ila mvua ya Alhamisi iliingia kibandani ikalowesha vitenge, na chako kimo humo humo.

Umeuliza kama na sisi "tumekubali yale ya Charlotte". Hata jirani yangu muuza nyanya, Mkatoliki, aliniuliza hivyo hivyo. Ninyi Wamethodisti wa Ribe, huko Kenya, hamkuwa na kura pale: mmisionari Wakefield aliwafikia mwaka 1862 akitokea Uingereza, na kanisa lenu linajitegemea tangu 1967. Sisi tumo katika United Methodist, kanisa jingine la Kimethodisti, ambayo Mkutano wake Mkuu unakusanya wajumbe toka Marekani, Afrika, Ulaya na Ufilipino. Mwaka 2024, kule Charlotte, Marekani, walifuta maneno yaliyokuwa kitabuni tangu 1972, kwamba ushoga haupatani na mafundisho ya Kikristo, na wakaondoa katazo la kuwawekea mikono mashoga wawe wachungaji. Hakuna mchungaji aliyelazimishwa kufungisha ndoa asiyoiafiki. Ndugu zetu wa Ivory Coast walijitoa mwezi Mei mwaka huo huo. Sisi bado tumo. Huku Uganda, pamoja na sheria ile ya 2023 dhidi ya ushoga, nikianza tu kueleza naambiwa, "Mama, wacha." Basi nimewacha.

Lakini mkutano ule ule ulipiga kura nyingine, na hiyo hakuna aliyeniuliza. Mashemasi waliruhusiwa kuongoza Meza ya Bwana na kubatiza mahali walipopangiwa kazi, bila kungoja kibali cha askofu kama zamani. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Unamkumbuka bibi yule wa darasa langu, kile kikundi cha waumini ninachokiongoza kanisani, aliyekuwa akija na kigoda chake mwenyewe? Amelala. Siku tatu kabla ya kufa aliomba Ushirika Mtakatifu. Nikampigia mchungaji, ana makanisa kadhaa na pikipiki moja, na siku hiyo alikuwa mbali kwenye mazishi. Akasema atafika Jumamosi. Bibi hakuifikia Jumamosi.

Nilikaa naye. Tuliomba, nikamsomea Yohana sita, na hilo nalo nadhani lilikuwa kosa langu, maana sura yote ni mkate. Mezani palikuwa na mkate wa chai. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la pili, akautazama, kisha akanitazama mimi: "Si mkate huu hapa?"

Ningemjibu nini? Nilimwambia huu si ule. Bibi alisikia, akafumba macho.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikigombana kichwani na John Wesley, mwanzilishi wetu Wamethodisti. Aliwaruhusu wahubiri walei wahubiri popote, lakini kikombe aliwakataza kukigusa. Halafu ikaja 1784. Vita vya Marekani vilikuwa vimekwisha, makasisi wengi wa Kianglikana walishaondoka, na watu wake kule walikaa bila ubatizo wala Meza. Yeye mwenyewe alikuwa kasisi tu, si askofu, lakini aliwawekea mikono wahubiri wake wawili, Whatcoat na Vasey, pale Bristol, wakatumwa Marekani. Mdogo wake Charles alikasirika vibaya. Na Wesley akabaki Mwanglikana hadi alipokufa 1791! Mtu wa taratibu kuliko wote, lakini njaa ya watu ilimshinda.

Usinielewe vibaya, sijasema ningeumega ule mkate. Hapa Busia kila mwenye hema na spika ni mtume, na nimeona wanavyowauzia watu maji na mafuta. Utaratibu wetu unamlinda mtu kama bibi dhidi ya hao. Lakini utaratibu uliomlinda ndio pia uliomwacha na njaa, na sikubali kuambiwa yalikuwa mapenzi ya Mungu. Ni sisi tuliopanga vibaya.

Baada ya mazishi mchungaji, naye akiwa na huzuni, aliniambia kwamba mkate uliobarikiwa ibadani mlei anaweza kumpelekea mgonjwa nyumbani. Kumbe! Sasa utabarikiwa lini, ikiwa Meza kwetu huandaliwa mara moja kwa miezi mitatu? Nimemwandikia mkuu wa wilaya mambo mawili: tupangiwe shemasi, na mpaka atakapopatikana Meza iandaliwe kila mwezi, nasi viongozi wa madarasa tufundishwe kuwapelekea wagonjwa. Mzee mmoja wa kanisa amesema nataka kuvaa kola. Nimemwambia shingo yangu ni fupi, haitanikaa.

Ninyi mna sakiti, yaani makanisa yaliyo chini ya mchungaji mmoja, kubwa kuliko yetu na wachungaji wachache pia. Wagonjwa wenu wa vijiji vya ndani mnawafikiaje? Nani hubeba, na hubeba katika chombo gani? Niandikie kabla ya mkutano wa wilaya, hata ukurasa mmoja, nipate la kuwaonyesha.

Kitenge chako nimekianika. Rangi haikutoka. Dereva wa basi la Mombasa nitampa Ijumaa.

Wako,
Mama Dani