Dada wa chumba cha MRI, asante sana

Kaka anayumba akitembea kama baba alivyokuwa, na majibu ya MRI, ile picha ya ndani ya kichwa, tulipewa karatasi tu imeandikwa ubongo mdogo (ule wa kisogoni unaosawazisha mwendo) umesinyaa, basi. Dada mmoja wa picha akatuona tumeduwaa koridoni akaturudisha ndani, akafungua picha ya kaka pembeni ya picha ya mfano, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu ile mikunjo ya kisogoni imekonda na maji yamejaa katikati, yanaonekana meusi. Akasema picha peke yake haitoshi kutaja ugonjwa maana ataksia za kurithi, yaani magonjwa ya kuyumba ya kwenye ukoo, ziko nyingi, ile inayoitwa ya Friedreich mara nyingi uti wa mgongo ndo unakonda mapema, kwahiyo tuulizie kipimo cha jeni. Akatuandikia na maswali ya kumpelekea daktari! Dada, jina lako hata sikuuliza, ila usiku ule kaka alilala. Nyie mnaopiga hizi picha, mgeuzieni mgonjwa skrini naye aone.