Kwa mdogo wangu uliyeko Nebraska: anza na bahasha

Mdogo wangu,

Umeuliza kwa nini barua ambazo babu wa mumeo aliandika akiwa kwenye treni ya jeshi mwaka 1943 ni fupi mno, na kwa nini hasemi yuko wapi. Umeziona kama za mtu asiyejali. Hapana, usimhukumu hivyo. Nakujibu hadharani kwa sababu wenye maboksi kama hilo lako ni wengi, na wengi husoma karatasi ya ndani na kutupa bahasha, wakati nusu ya habari iko kwenye bahasha.

Tazama kona ya juu, kulia. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1942 askari wa Marekani hakulipia barua ya kawaida. Palipopaswa kubandikwa stempu aliandika "Free" kwa mkono wake, na kushoto akaweka jina, cheo na kikosi. Msamaha huo haukuhusu barua za ndege. Kwa hiyo ukikuta stempu ya ndege ya senti 6, jua alitoa pesa yake mfukoni ili barua iwahi.

Sasa muhuri, na hapa ndipo watu hukosea. Treni nyingi za abiria zilikuwa na behewa la posta, ambamo makarani walichambua barua huku treni ikikimbia. Ubavuni mwa behewa palikuwa na tundu. Mtu akiwa stesheni alitumbukiza barua yake humo. Barua hizo ziligongwa muhuri wa njia ya reli, si wa mji. "N.Y. & CHI. R.P.O." maana yake ni behewa la posta (Railway Post Office) la kati ya New York na Chicago; ndani ya duara mna tarehe na namba ya treni, na pembeni, katikati ya mistari minene, herufi R M S, yaani Railway Mail Service, huduma ya posta ya reli. Usiweke alama Chicago kwenye ramani yako kwa sababu ya muhuri huo. Unakuonyesha njia tu, tena njia ya barua.

Nasema ya barua kwa sababu treni ya askari mara nyingi ilikuwa treni maalumu, isiyo na behewa la posta. Barua ilipitishwa dirishani kwa mfanyakazi wa reli au kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu, au ikarushwa chini kwa matumaini kwamba atatokea mwema wa kuiokota na kuipeleka posta. Ndiyo maana unaweza kukuta muhuri wa kijiji ambacho babu hakukikanyaga kabisa, na tarehe ya baadaye kuliko ile aliyoandika ndani.

Ufupi wake ni suala la muda. North Platte, hapo hapo Nebraska, treni zilisimama dakika 10 hadi 15 tu, injini za mvuke zikiongezwa maji na kutiwa mafuta. Tangu tarehe 25 Desemba 1941 hadi 1 Aprili 1946 akina mama wa kujitolea waliwalaki askari pale kwa kahawa, mikate na keki. Wasichana walitengeneza madonge ya bisi na kuficha ndani yake karatasi zenye majina na anwani zao, na baadhi yao wakaja kuolewa na walioziokota. Katika dakika hizo kijana anakula, ananyoosha miguu, na kama ana bahati anaandika mistari minne.

Ndani ya behewa hali haikuwa nzuri zaidi. Mabehewa ya kulala ya jeshi yaliyoanza kuundwa mwaka 1943 yalibeba askari 29 na mhudumu mmoja, vitanda ngazi tatu. Treni inayotikisika na kalamu ya wino havipatani, kwa hiyo wengi walitumia penseli. Ikiwa imefifia, usiipitishie wino: weka taa upande mmoja, mwanga uipige karatasi kwa mshazari, na michubuko ya penseli itaonekana. Ukikuta maandishi ya kalamu ya kichwa cha mpira kwenye barua ya 1943, mtu mwingine aliyaongeza baadaye. Kalamu hizo zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945.

Kuhusu kutosema yuko wapi: safari za vikosi zilikuwa siri, na mara nyingi askari mwenyewe hakuambiwa aendako. Na pale anapolalamika, "sijapata barua yenu hata moja", msidhani nyumbani hawakuandika. Barua zao zilifika kambi aliyokwisha kuondoka, zikawa zinamfuata nyuma. Tafuta bahasha ya kwanza yenye namba ya A.P.O. (posta ya jeshi) na maneno "c/o Postmaster", yaani kupitia kwa mkuu wa posta, kisha jina la mji. Ikiwa ni San Francisco, alikuwa akielekea Pasifiki. Ikiwa ni New York, alikuwa akielekea upande wa Atlantiki. Toka hapo utaona pia sahihi ya ofisa aliyekagua barua ili zisitoe siri, kwa kawaida chini kushoto.

Usibandue chochote. Piga picha kila bahasha mbele na nyuma, pamoja na barua yake, kisha nitumie zile ambazo muhuri wake hausomeki.

Nduguyo