Magnesiamu nayo iwe na mstari wake kwenye fomu ya maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nieleze jambo linaloninyima raha karibu kila ninapopokea zamu. Mimi ni muuguzi, na mwaka huu natimiza miaka 19 katika wodi ya wagonjwa mahututi. Nataka kuzungumzia magnesiamu, moja ya madini yaliyomo mwilini. Ndugu wa wagonjwa huulizia sukari, presha, oksijeni, na siku hizi hata potasiamu. Magnesiamu haiulizwi na mtu, na sisi wahudumu tumechangia sana kuisahaulisha.

Kuna baba mmoja wa makamo aliyeletwa kwetu baada ya kuharisha kwa wiki nzima, maambukizi yakiwa yameshaingia kwenye damu. Alikuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa kuwa mapafu yalijaa maji alikuwa pia akipewa furosemidi, ile dawa ya kukojoza. Potasiamu yake ilikuja 2.8, chini ya kawaida. Tukampa potasiamu kwenye dripu. Asubuhi ikawa 2.9. Tukarudia. Kesho yake 2.7. Siku tatu nilipokea majibu yaleyale mkononi, nikachanganya dawa ileile, nikaandika maneno yaleyale kwenye faili. Usiku wa tatu moyo ukaanza kurukaruka kwenye monita, pigo la ziada hapa, mawili pale, kisha mfululizo wa mapigo ya haraka uliotufanya sote tukimbilie kitandani.

Mapigo yalipotulia, daktari kijana aliyekuwa na mwezi mmoja tu wodini akaniuliza, "Sista, magnesiamu yake ikoje?" Sikuwa na jibu. Hakuna aliyeipima. Fomu yetu ya maabara ilikuwa na sodiamu, potasiamu, kloridi, urea na kreatinini, basi. Akachukua kalamu, akaandika "magnesiamu" kwa mkono pale chini ya karatasi. Jibu lilirudi 0.38. Kwa mtu mzima kawaida ni kati ya milimoli 0.7 na 1.0 kwa lita, ingawa kila maabara ina mipaka yake kidogo. Akaanzishiwa salfeti ya magnesiamu kwenye dripu, polepole. Siku iliyofuata potasiamu ilianza kupanda kwa kipimo kilekile cha dawa kilichoshindwa siku tatu. Mgonjwa alitoka wodini kwetu akipumua mwenyewe. Sisemi magnesiamu peke yake ndiyo iliyomponya. Antibiotiki zilifanya kazi yake, na mwili wake pia. Lakini zile siku tatu tulikuwa tunateka maji kwa pakacha, na najua ni kwa nini.

Sababu yenyewe iko kwenye figo. Katika mirija yake midogo kuna vijilango vinavyoruhusu potasiamu itoke kwenda kwenye mkojo, na magnesiamu iliyo ndani ya seli ndiyo inayovibana vijilango hivyo. Magnesiamu ikipungua, vinabaki wazi. Unamwaga potasiamu kwenye mshipa, naye mgonjwa anaikojoa. Kalsiamu nayo hushuka, kwa sababu tezi zinazotoa homoni ya kuipandisha hulegea magnesiamu inapokuwa chini sana. Ukiona potasiamu na kalsiamu zote zimekataa kupanda, swali la magnesiamu lilipaswa kuulizwa jana.

Na wagonjwa wetu wana njia nyingi za kuipoteza. Dawa za kukojoza. Kuharisha. Maji ya tumbo tunayoyavuta kwa mpira wa puani. Gentamaisini, antibiotiki ya sindano. Amfoterisini, tunayotumia kwa fangasi. Kisukari kisichotulia, na pombe ya miaka mingi. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo za kundi la omeprazoli pia zimo: mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuishusha magnesiamu, na wagonjwa wangapi huingia kwetu wakiwa wamezimeza kwa miaka? Kisha yuko aliyekaa na njaa muda mrefu. Huyo ukianza kumlisha kwa kasi, insulini husukuma madini ndani ya seli, na damu inabaki tupu ndani ya siku chache. Nimeona mgonjwa aliyeonekana ametengemaa akayumba siku ya pili ya kulishwa.

Jambo moja nawaomba wauguzi wenzangu walizingatie. Mwili wa mtu mzima una takribani gramu 25 za magnesiamu, na iliyomo kwenye damu haifiki asilimia 1. Nyingi iko kwenye mifupa na ndani ya seli. Kwa hiyo jibu linaloonekana zuri halimaanishi kwamba ghala limejaa. Na ukivuta damu kwa nguvu kwenye sindano nyembamba, seli zikapasuka, magnesiamu ya ndani humwagika na jibu hupanda kwa uongo. Maabara wakikurudishia sampuli kwa sababu damu imeharibika usiwanunie. Chukua nyingine.

Sasa nifike kwenye vifo, maana ndilo linaloniandikisha barua hii. Tafiti zilizofanywa katika wodi za wagonjwa mahututi za nchi mbalimbali zimeona jambo hilo kwa kurudiarudia: wanaoingia na magnesiamu ya chini hufa zaidi, huhitaji zaidi mashine ya kupumulia, na hukaa wodini muda mrefu zaidi. Mimi mwenyewe nimeona jinsi misuli ya pumzi ilivyo dhaifu kwa mgonjwa wa namna hiyo, unapojaribu kumwachisha mashine. Hata hivyo sitaki msomaji ahitimishe haraka kwamba ukiimwaga magnesiamu kila mtu atapona. Mgonjwa mwenye hali mbaya zaidi ndiye pia anayeharisha zaidi na kupewa dawa nyingi zaidi. Huenda magnesiamu ya chini ni alama ya ugonjwa mkubwa kuliko kuwa chanzo cha kifo.

Historia imeshatuonya. Mwaka 1992 utafiti wa Uingereza uitwao LIMIT-2, wenye wagonjwa zaidi ya 2,300 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, ulionyesha vifo vimepungua kwa karibu robo kwa waliopewa magnesiamu. Matumaini yalikuwa makubwa. Mwaka 1995 ukaja ISIS-4, wagonjwa zaidi ya 58,000, na faida ile haikuonekana. Lakini kwa kifafa cha mimba mambo ni tofauti kabisa: utafiti wa Magpie wa mwaka 2002, wenye wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba salfeti ya magnesiamu hupunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu. Na kwa yale mapigo ya moyo yanayojisokota kwenye skrini, aliyoyaeleza daktari Mfaransa Dessertenne mwaka 1966, gramu 2 za magnesiamu kwenye mshipa hutolewa bila kusubiri jibu la maabara. Dawa ni hiyohiyo, ila mahali pake pamejulikana.

Na inaua pia. Niliwahi kumpokea mama aliyetoka kujifungua, dripu ya magnesiamu ikiendelea, mfuko wa mkojo ukiwa karibu mkavu. Nilipogonga chini ya goti mguu haukutikisika hata kidogo. Nikahesabu pumzi: 10 kwa dakika. Tulifunga dripu palepale, akapewa glukoneti ya kalsiamu, dawa ya kuipinga magnesiamu iliyozidi, nikakaa naye hadi pumzi ziliporudi. Magnesiamu hutoka kwa figo. Figo zikigoma inajikusanya, goti huacha kuitikia kwanza, pumzi hufuata. Goti, pumzi zisizopungua 16 kwa dakika, mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa: ni vitu vitatu vinavyohitaji mkono, saa na macho, na siku ile kabla hajafika kwetu hakuna aliyeviangalia.

Ninachowaomba viongozi wa hospitali na wa maabara si kikubwa. Wekeni mstari wa magnesiamu kwenye fomu, chini ya potasiamu. Ipimwe mgonjwa anapoingia, na irudiwe kila tunapombadilishia dawa za kukojoza au tunapoanza kumlisha. Mashine nyingi za kemia ya damu zinaweza kuipima mkiagiza kemikali yake. Madaktari, tafadhali msiandike potasiamu kwa mara ya tatu kabla ya kuuliza habari za mwenzake. Na ndugu wa wagonjwa, msituletee vidonge vya magnesiamu mlivyosikia vinasaidia. Kwa mtu mwenye figo mbovu ni hatari. Tuulizeni. Mkiambiwa potasiamu imekataa kupanda, ulizeni kama magnesiamu imepimwa, na muuguzi mwenye moyo hatakasirika.

Kwetu fomu bado haijabadilishwa. Nimechora mstari huo kwa rula kwenye nakala moja nikairudufu, na kila nikimaliza zamu naacha rundo mezani kwa wenzangu wa usiku. Wiki iliyopita nilikuta zimebaki mbili tu.

Wako,
Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi