Mkopo wa dharura si sadaka

Mhariri,

Wengi hudhani benki kuu ikiiokoa benki iliyoishiwa fedha taslimu inagawa pesa za bure. Sivyo. Hudai dhamana, aghalabu hatifungani (hati za deni) za serikali, hukopesha chini ya thamani ya dhamana hiyo, kisha hutoza riba. Kinachokwamisha mara nyingi ni maandalizi. Machi 9, 2023, wateja wa Silicon Valley Bank, Marekani, walitaka kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja; hatifungani zilikuwepo, ila nyingi hazikuwa zimehamishiwa mapema Federal Reserve, benki kuu ya huko, kama dhamana. Benki zilazimishwe kuweka dhamana mapema na kufanya majaribio ya kukopa kiasi kidogo, tuseme kila robo mwaka. Benki iliyokwisha mtaji, yaani yenye madeni kuliko mali, ni habari nyingine: hiyo ifilisiwe, isikopeshwe.