Safari za Jumamosi za walimu wa kujitolea ziwahusishe wanafunzi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikaa moyoni tangu muhula uliopita. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya kata wilayani Rungwe, na shule yetu, kama nyingine kadhaa katika mkoa huu wa Mbeya, hupokea vijana kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kujitolea kufundisha Kiingereza, Hisabati na Sayansi. Siwazungumzii wale wa Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa watu wa kujitolea, ambao hutumikia miaka 2, huanza kwa kujifunza Kiswahili, na wengine huondoka wakiwa wanaamkiana na wazee wetu kwa Kinyakyusa. Nawazungumzia wa wiki 3 au 4, wanaofundisha Jumatatu hadi Ijumaa, na ikifika Jumamosi alfajiri hukodi Noah wakaenda kutembea.

Kutembea kwao hakunikeri hata kidogo. Mtu aliyetoka mbali hivyo angefanya kosa kubaki nyumba ya wageni akisikiliza mvua ya Tukuyu ikipiga bati. Jumamosi ya kwanza huenda Daraja la Mungu, ambako Mto Kiwira unapita chini ya upinde wa mwamba; ya pili hupanda mlima Ngozi, wenye ziwa juu yake; ya tatu huteremka Matema kuogelea Ziwa Nyasa, au huvuka hadi Mbozi, mkoani Songwe, kukiona kimondo kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16. Anayekuja wakati wa mvua, maua yanapochanua, hupandishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo. Kinachonikera ni kwamba baada ya wiki 4 kijana huyo ameiona nchi yetu kuliko mwanafunzi aliyezaliwa humu.

Jumatatu moja mwalimu mgeni, binti kutoka Uholanzi, aliingia kidato cha pili na picha za Ziwa Ngozi alizopiga juzi yake. Akauliza ni nani ameshafika huko. Kati ya wanafunzi zaidi ya 50 alinyoosha mkono mmoja tu, naye alikwenda kukata mianzi (sikumuuliza kwa kibali cha nani) na wala hakufika juu ukingoni. Waliobaki huuona mgongo wa milima ile ya Uporoto kila asubuhi wakiwa mstarini, na karibu wote wanaweza kukuandikia kwa Kiingereza maana ya ziwa la kasoko, yaani lililo ndani ya shimo la volkano, bila kuacha nukta, kwa sababu mimi ndiye niliyewakaririsha. Aibu ya siku ile ilikuwa yangu, si ya mgeni.

Jumamosi iliyofuata tuliwachukua wanafunzi 6, wavulana 3 na wasichana 3, kila mmoja akiwa na barua ya mzazi wake, tukapanda pamoja na yule binti na mwongoza njia wa kijijini. Njiani mambo yaligeuka. Yule aliyezoea kuwasahihisha Kiingereza alijikuta akiuliza jina la kila mti, nao wakimjibu kwa Kinyakyusa, wakibishana wenyewe kwa wenyewe pale majina yalipotofautiana, kisha wakihangaika kumfafanulia kwa Kiingereza ni upi hutolewa dawa na ni upi hufaa kwa mpini wa jembe. Msichana mmoja ambaye darasani humwoni akifungua kinywa alimsimulia, kwa Kiingereza cha kuokoteza lakini kilichoeleweka, hadithi ya wazee kwamba Wajerumani waliposhindwa vita walimtumia mganga kuficha mali zao chini ya ziwa lile. Sijapata kumsikia akizungumza Kiingereza kwa dakika 10 mfululizo, kabla ya hapo wala baadaye.

Tulipofika ukingoni na ukungu kupungua, mvulana mmoja alitazama chini muda mrefu, kisha akaniuliza: "Mwalimu, mbona hakuna mto unaoingia wala unaotoka? Maji haya yanakwenda wapi?" Katika miaka yote niliyofundisha mada ile sijawahi kuulizwa swali hilo. Tulikaa pale tukazungumza juu ya maji yanayopenya ardhini, chemchemi za moto za Songwe, na wataalamu wa jotoardhi ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakiuchunguza mlima huo kwa ajili ya umeme. Kijana akataka kujua mtu husomea wapi kazi hiyo.

Najua yatakayosemwa. Wakuu wa shule wanaogopa lawama mwanafunzi akivunjika mguu, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana tulichukua barua za wazazi na mwongoza njia, na mwalimu mwenyeji asikose kamwe. Wazazi nao Jumamosi wana kazi na watoto wao, hasa mabinti, na wawili tuliowachagua mwanzo walizuiwa kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Gharama ni hoja nyepesi zaidi, maana gari limeshakodiwa, na hata katika hifadhi za taifa kiingilio cha mwananchi ni sehemu ndogo ya kile anacholipa mgeni. Wenzetu wa Iringa wana wepesi kuliko sisi: Isimila, kwenye zana za kale za mawe, ni mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka mjini, na Kalenga, linakohifadhiwa fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, iko karibu zaidi.

Kwa hiyo naziomba taasisi zinazowaleta vijana hawa, pamoja na shule zinazowapokea, ziandike jambo hili katika makubaliano yao tangu mwanzo, badala ya kuliacha litegemee ukarimu wa mgeni mmoja mmoja. Noah ina viti 7 au 8 pamoja na cha dereva. Kundi linalofuata tunalitarajia Julai, kiangazi, njia ya Ngozi ikiwa kavu, na nimeshawaambia wenyeji wao kwamba katika kila gari naomba viti 3: viwili vya wanafunzi na kimoja cha mwalimu wao.

Mwalimu wa Jiografia,
Rungwe, Mbeya.