Salamu za Krismasi kutoka kwenye cherehani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Heri ya Krismasi kwenu nyote, mliofika nyumbani na mlio bado njiani.

Nawaandikia nikiwa kibandani kwangu Mbezi, si mbali na stendi ya Magufuli. Alfajiri hizi za Desemba honi za mabasi ya Moshi na Arusha ndizo zinazotuamsha, na kukikucha wateja wanapita na mabegi yao: "Fundi, mwaka huu huendi kula sikukuu kwenu?" Naenda, nawajibu. Tiketi ninayo.

Desemba ni mwezi wa uongo kwa sisi mafundi, tusidanganyane. Mteja analeta kitambaa tarehe 10, unaona kabisa kwamba rundo lililopo halitaisha, lakini hela unaitaka, na ukimkataa anavuka barabara kwa fundi mwingine. Basi unavuta futi shingoni, unamchukua vipimo, na akiuliza lini unamwambia, "Mungu akipenda, Ijumaa." Ijumaa anakuta kitambaa chake kwenye mfuko uleule, hakijaonja hata chaki. "Umeme ulikatika, mama." Nimesema hivyo miaka mingi, hata siku ambazo umeme haukukatika, na Jumapili nasimama na kwaya, sauti ya pili.

Neno hilo, "Mungu akipenda," lina asili yake. Yakobo 4 inawasema wafanyabiashara waliojipangia kwenda mji fulani, wakae mwaka mzima, wapate faida, kana kwamba kesho ni mali yao. Akawafundisha waseme, Bwana akipenda. Ni neno la kunyenyekea, sisi tumelifanya pazia. Na Yakobo huyohuyo, sura inayofuata, anataka ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Mimi nilishika ile ya kwanza tu, kwa kuwa ndiyo iliyonifaa.

Januari mwaka huu mama alinipa kitenge cha bluu, akataka gauni la mikono mirefu la kuvaa kanisani; baridi ya kwetu mlimani mnaijua. Nilimpima mwenyewe, sebuleni. Alikuwa amekonda. Niliandika namba kwenye daftari bila kumwambia. Tangu hapo kila akipiga simu anauliza kwanza watoto, halafu gauni. "Wiki ijayo, mama, Mungu akipenda." Mwezi wa nne nilikata kitambaa. Mwezi wa nane tulimzika.

Msibani karibu kila aliyenishika mkono aliniambia ni mapenzi ya Mungu, tumwachie yeye. Niliitikia. Kifo cha mama nimemwachia, ingawa si kwa siku moja. Kuna asubuhi nakichukua tena, nashinda nacho, jioni ndiyo nakirudisha. Lakini gauni sikuweza kumwachia, kwa sababu hakulichelewesha yeye. Nililichelewesha mimi, nikitanguliza nguo za wanaolipa.

Majilio haya, majuma ya kuingojea Krismasi, nimekaa sana na Mariamu. Siku zote nilimsikia akisema, "na iwe kwangu kama ulivyosema," nikamwona binti mpole, wa kukubali tu. Safari hii nikasoma aya zilizotangulia: aliuliza kwanza. Litakuwaje neno hili? Hakujifanya ameelewa. Alipokubali, alikubali kwa mwili wake: akabeba mimba, akatoka Nazareti mpaka Bethlehemu, akazaa ugenini, akamvika mtoto nguo za kitoto. (Fundi haachi kuona nguo. Yohana anasema kanzu aliyovuliwa Yesu msalabani haikuwa na mshono, askari wakaona hasara kuichana, wakaipigia kura. Kazi ile ningependa kuishika.) Na Yusufu, fundi mwenzangu, Injili zote nne hazikuandika neno hata moja kutoka kinywani mwake. Mathayo anasema tu kwamba aliamka, akafanya kama alivyoagizwa. Fundi asiyeahidi, anafanya! Hapa Mbezi sijakutana naye.

Basi tangu tarehe 1 nimebandika karatasi ukutani, nguo ninazoweza kumaliza kila siku. Ikijaa, nasema hapana. Wateja nimewapoteza, sitawaficha. Kodi ya kibanda ya Januari sijui itatoka wapi, na ni kwenye hiyo kodi ninapojifunza kusema Mungu akipenda, na safari hii sina ninachoficha nyuma yake.

Wiki iliyopita alikuja jirani yangu, mama wa Kiislamu, ana shughuli ya mwanawe. Nikamwambia kabla ya tarehe 8 Januari siwezi. Akanitazama. "Fundi, leo hujamtaja Mungu?"

"Nimemsingizia sana, mama. Nimeona nimpumzishe."

Alicheka mpaka akakaa kwenye benchi. Akasema hata wao inshallah wameifanya hivyohivyo, kuna mtu anamdai hela tangu Ramadhani, kila siku inshallah. Nikajikuta namsimulia habari ya mama na gauni, kisha Mariamu, kisha Yakobo, huku nabadilisha uzi kwenye bobini. Kanisani tukiambiwa tukashuhudie, mimi huwa natazama chini, sijui nianzie wapi. Siku hiyo sikuwa nimeandaa chochote. Alipoinuka aliacha kitambaa na nusu ya hela. "Tarehe 8 nakuja asubuhi, usiniambie umeme."

Gauni la bluu nililishona juzi, nilipofunga kibanda. Vipande vilikuwa bado na pini nilizochomeka mwezi wa nne, mbili zimeshika kutu. Nimelipunguza mabega na kulitoa kiunoni, kwa vipimo vya mama mdogo, ambaye ndiye atakayetupokea mwaka huu. Nilipomwambia kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mikono ni mirefu.

Ni mirefu. Limekunjwa kwenye begi, juu kabisa. Pindo sijalikunja, nataka kwanza nimwone amesimama nalo, kwa hiyo nimefungasha sindano, pini mpya na uzi wa bluu. Basi letu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Krismasi njema, ndugu zangu.